Shajara ya uwanja wetu: kutoka shamba la mikorosho mpaka mechi ya kwanza

9 Novemba 2024

Kwa wasiotujua, sisi ni timu ya mchangani huku Mkuranga, mkoa wa Pwani, na tangu tuanze hatujawahi kuwa na nyumbani. Tulikuwa tunacheza uwanja wa shule, shule ikiwa na mtihani hakuna mechi, ikiwa na mahafali hakuna mechi, na mwaka huu wamemwaga tofali katikati kwa ajili ya madarasa mapya (sawa kabisa, watoto kwanza), kwa hiyo mechi zote sasa tunasafiri, hata zile ambazo ratiba inasema sisi ndio wenyeji.

Leo mzee mmoja wa hapa ametupa eneo. Ekari mbili zilizopakana, hatua 70 kwa 140, yaani kama mita 64 kwa 128, limelala mashariki kwenda magharibi sambamba na barabara ya vumbi. Lina mikorosho minne iliyozeeka na njia ya mkato inayopita kati kwa kati kwenda sokoni.

Kosa la kwanza tumelifanya ndani ya nusu saa: tumeshukuru, tumepiga picha, tumeondoka. Jioni mpwa wa mzee akapiga simu anauliza nani kawaambia mkate mikorosho. Ikabidi turudi, tukae mkekani, tuandike. Miaka 10 bila kodi, mzee na watoto wake wawili wamesaini, mwenyekiti wa kijiji kagonga muhuri. Ukitaka kuiga mradi huu anza na karatasi hiyo kabla hujashika hata panga.

14 Desemba 2024

Mikorosho imekatwa, visiki vimechimbwa na vijana watatu kwa 60,000, mashimo tumefukia. Leo greda limekuja. Nusu siku 450,000 na dizeli lita 60, 180,000. Hii ndiyo hela kubwa kuliko zote kwenye mradi na ilitoka kwenye michango ya miezi mitano, kwa hiyo tulisimama watu kama 30 kuangalia greda kama tunaangalia fainali.

Dereva akauliza, "Mnataka flati?"

Tukajibu kwa pamoja, flati kama meza, kaka.

Akatupa meza.

23 Desemba 2024

Mvua imepiga siku mbili na meza yetu sasa ni beseni. Dimbwi moja katikati, lingine karibu na litakapokuwa goli la mashariki, na pale palipokuwa na visiki pamezama mpaka kwenye kifundo cha mguu maana tulifukia kwa koleo tu bila kushindilia.

Nikaenda kuongea na fundi mmoja wa barabara, akacheka sana. Kumbe lile eneo lilikuwa na mteremko wake wa asili kuelekea barabarani, maji yalikuwa yanaondoka yenyewe miaka yote, sisi tumelipa greda kuuondoa. Uwanja unatakiwa uwe na mteremko kidogo, asilimia 1 inatosha, kwa upana wa mita 58 ni kama sentimita 58 kutoka upande wa juu hadi wa chini. Kwa macho huioni na mchezaji haihisi, ila maji yanaijua.

Kurudisha greda hatuwezi. Tulichofanya: mtaro upande wa juu ili maji ya majirani yasiingie (wachezaji wenyewe wamechimba), halafu tipa 6 za kifusi cha kichanga kujaza mabonde na kutengeneza mteremko kidogo upande wa barabarani, 70,000 kila tipa, jumla 420,000. Mashimo ya visiki tumeyafukua tukajaza upya kwa matabaka ya kama sentimita 15, kila tabaka linamwagiwa maji na kushindiliwa kwa gogo. Kupima mteremko tumetumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mwembamba unaoona ndani, unajaza maji, mmoja anashika huku mwingine kule, maji yanasimama usawa mmoja na hayajui kudanganya. Bure kabisa, tumeazima.

4 Januari 2025

Kupima uwanja. Watu wengi wanadhani lazima iwe 105 kwa 68. Hapana, sheria ya kwanza ya mpira inaruhusu urefu mita 90 hadi 120 na upana 45 hadi 90, vile vipimo vikali zaidi ni vya mechi za kimataifa. Sisi tumechagua 100 kwa 58, pembeni inabaki mita 3 kila upande na nyuma ya magoli mita 14.

Tulinunua kamba ya manila 12,000, tukaifunga fundo kila mita 10 na kuivuta. Kazi ikaisha kwa saa mbili tu, tukajisifia. Kabla ya kuchimba mashimo ya magoli nikakumbuka kitu cha shuleni, mstatili wowote diagonali zake lazima zilingane. Kwa 100 kwa 58 kila moja inatakiwa iwe mita 115.6. Nikaenda kuazima tepu ya kweli kwa fundi. Moja ikaja 117.1, nyingine 114.1.

Yaani tulikuwa tumechora kitu kimelala upande kama kiberiti kilichokaliwa, kona zimetoka sehemu yake karibu mita moja na robo tatu. Na ukisimama katikati huoni kabisa! Tungeshapiga zege, halafu kila mechi watu wanalalamika refa anaonea kumbe anayeonea ni mstari.

Sababu mbili. Manila inavutika, akivuta kijana mwenye nguvu unapata mita nyingine na akivuta mzembe unapata nyingine. Pili kona tulizipiga kwa macho. Marekebisho: tepu ya mita 50 ya kwetu wenyewe (25,000, inunueni siku ya kwanza) na ile hesabu ya 3, 4, 5, ukizidisha mara mbili. Kwenye kona unapima mita 6 kwenye mstari mmoja, mita 8 kwenye mwingine, na kati ya ncha hizo mbili lazima zipatikane mita 10 kamili, zikizidi au kupungua unasogeza. Tumerudia kona zote nne, diagonali sasa zinatofautiana sentimita 4. Nimelala vizuri.

18 Januari 2025

Magoli. Hapa nitakaa kidogo maana mabomba ni hela.

Vipimo ni mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo na 2.44 kutoka chini mpaka mtambaa panya (bomba la juu la goli), na vyote ni vya NDANI. Narudia ndani, utaona kwa nini. Tumenunua bomba jeusi la inchi 3, linakuja na mita 6, 85,000 moja. Hesabu inakaa vizuri ajabu: bomba moja ukilikata katikati linatoa nguzo mbili za mita 3, juu 2.44 na zilizobaki zinazama kwenye zege. Mtambaa panya unataka bomba zima na kipande cha mita 1.5. Kwa magoli mawili ni mabomba 5, 425,000, na nusu bomba linabaki (limekuwa mguu wa benchi la akiba).

Beki wetu wa kati ni fundi wa kuchomelea kwa hiyo ufundi ni bure, tumelipa rodi na umeme 70,000. Kwenye kiungio ameingiza bomba dogo kwa ndani, nusu mita, ndipo akachomelea juu yake. Usikubali kuunga bomba kwa bomba bila hicho kitu ndani, siku kijana ataning'inia pale patakunjika.

Sasa kosa. Goli la kwanza fundi alikata mtambaa panya mita 7.32 kamili, akaulaza juu ya nguzo, akachomelea. Safi. Nikapima kwa ndani, 7.14. Bomba moja kwa nje lina unene wa sentimita 9, nguzo mbili 18, zimeliwa. Alinuna, nikanyamaza, akaenda kunywa chai, akarudi akakata kwa grainda akaongeza kiraka cha sentimita 18. Rodi za ziada 15,000. Goli la pili amekata 7.50 moja kwa moja. Lenye kiraka tumelipeleka upande wa mashariki, kwa aibu.

Zege mifuko 4, 64,000. Magoli ya kuweka juu tu bila kufunga chini msijaribu, yanaangukia watoto.

2 Februari 2025

Ukoka umekufa wote. Tulileta gari la pikapu la miche kutoka bondeni, 90,000 na mafuta, tukapanda wiki moja, jua likapiga, basi. Tulishaambiwa na kina mama wa kikundi cha bustani kwamba subirini masika. Hatukusikia. Sina la kuongeza.

22 Machi 2025

Mvua imeanza, tumepanda upya, 40,000 safari hii. Mistari kila nusu mita, kipande chenye vifundo vitatu vinne, kifukie kibakize ncha, kanyaga. Mbuzi ndio mtihani. Tumeweka zamu ya watoto, kila mtoto akilinda jioni moja anaruhusiwa kupiga penalti tano siku ya ufunguzi. Hiyo imefanya kazi kuliko uzio wa miiba.

Ile njia ya sokoni tuliifunga kwa miiba, asubuhi imefunguliwa, tukafunga, imefunguliwa. Mwisho tumetengeneza njia nyingine nyuma ya goli la magharibi, pana, imefyekwa vizuri, na watu wengi wamehamia. Bibi mmoja muuza vitumbua hajahama. Anasema alikuwa anapita hapo kabla baba zetu hawajaoa.

14 Juni 2025

Mechi ya majaribio. Wazo nimelitoa Tottenham. Wale walipanga kuhamia uwanja mpya 2018, ikashindikana mambo ya usalama hayajakaa sawa, na kabla ya mechi ya kwanza rasmi na Crystal Palace, 3 Aprili 2019, waliweka kwanza mechi ya vijana chini ya miaka 18 na Southampton, halafu wakongwe wao na Inter. Kujaribu milango, vyoo, watu kuingia na kutoka. Nikasema kama wenye hela vile wanajaribu, sisi nani.

Tumeweka watoto wa chini ya miaka 15, saa 3 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Yaliyoharibika:

Chokaa. Tulichora mistari kwa chokaa ya kupakia nyumba, mifuko 6 kwa 9,000 kila mmoja, inamwagwa na kopo lililotobolewa. Inang'aa inapendeza. Dakika ya 20 dogo mmoja kateleza kwenye mstari wa 18 (wa eneo la penalti) na jasho lake, akainuka analia, paja limekuwa jekundu kama limepita kwenye pasi. Tukamwosha kwa maji mengi, ndoo tatu, ikapoa, tukampeleka zahanati akapewa dawa ya kupaka, yuko fresh. Chokaa ikikutana na unyevu inaunguza ngozi na jicho ndio usiseme. Nimekaa chini nimejiuliza ingekuwa jicho. Tumefagia yote siku hiyo hiyo.

Nyavu. Tulinunua kuukuu za uvuvi kutoka Kisiju, 60,000 kwa magoli yote, imara sana, ila zimekuja na harufu, wiki nzima paka wa mtaa walikuwa wanashinda golini kuliko kipa. Tumezifua kwa sabuni ya unga mara mbili na kuanika.

Bibi wa vitumbua alipita dakika ya 35, mpira ukiwa unachezwa, refa akapuliza, tukasubiri. Wawili watatu wakanunua.

Zaidi ya hapo kila kitu kilikaa sawa, kwa hiyo tukaandika kwenye daftari "uwanja uko tayari". Hiyo sentensi kumbukeni.

21 Juni 2025

Mistari sasa ni rangi ya maji nyeupe, ile ya ukutani ya bei ya chini, ndoo mbili za lita 20 kwa 48,000 kila moja, unachanganya na maji karibu sawa kwa sawa. Mbao mbili zimefungwa pamoja zikiacha nafasi ya sentimita 10, unaviringisha rola katikati, unasogeza. Mistari yote ukijumlisha, na duara la kati na 18 zote, ni kama mita 670, watu wanne siku nzima. Duara ni kigingi katikati na kamba isiyovutika ya mita 9.15. Ndoo ya pili bado nusu, inatosha kurudia.

Tahadhari kwa wenye uwanja mwembamba kama wetu, ukichora 18 kwa kipimo kamili (mita 40.32) pembeni zinabaki mita 8 na kitu kila upande. Mawinga wameshaanza kulalamika. Wazoee.

7 Julai 2025

Sabasaba, mapumziko, watu wamejaa. Tumekodi viti na turubai 80,000, waamuzi watatu 90,000. Kiingilio hatukuweka, tumezungusha bakuli, imepatikana 143,500. Nyasi zimeshika labda sehemu tatu kati ya nne, mbele ya magoli bado ni udongo. Mzee mwenye eneo kapiga mpira wa kwanza na kandambili, mpira umetua kwa wageni, kandambili haikuonekana mpaka jioni. Watoto wa zamu ya mbuzi wakapiga penalti zao, 55 jumla, ikachelewesha mechi ila ahadi ni ahadi.

Saa 10 na robo shilingi ikarushwa, wageni wakashinda. Kepteni wao, mtu mzima hivi, hakujibu haraka. Akaangalia juu, akaangalia magoli, akasema wao watashambulia upande wa magharibi kwanza. Sisi tukadhani anafuata upepo. Kipa wao akaenda goli la mashariki, akatoa kofia kwenye begi akaivaa. Tukamcheka! Jukwaa zima, maneno ya kila aina, kwamba anaenda shamba.

Dakika ya 31 kona yetu, ikapigwa ndefu, beki wetu wa kati akaruka peke yake, kichwa, wavu. Yule yule fundi, kwenye goli lile lile alilolikata vibaya. Mimi sijui nilikuwa wapi dakika mbili zilizofuata, nilijikuta nimekumbatiana na mtu wa timu pinzani.

Kipindi cha pili kipa wetu akahamia mashariki. Na hapo ndipo nikaelewa yule kepteni alikuwa anaangalia nini. Saa 11 na nusu mwezi wa saba jua limeshashuka, liko mbele yake kabisa, kidogo upande wa kulia kwa sababu msimu huu linazama kaskazini ya magharibi. Wageni nao wakawa wanapeleka mipira yote winga ya kushoto, upande huo huo wa jua, na kupiga krosi za juu. Tatu mfululizo kipa wetu akapangua kwa kubahatisha. Alikuwa ananyanyua mkono mmoja kukinga macho, mkono mmoja anatafuta mpira. Dakika ya 74 ikaja nyingine, nilimwona kabisa kafumba macho, mpira ukampita juu ya vidole, straika wao akagusa kwa paja. 1-1, na ikaisha hivyo.

Kijiweni usiku watu wakamlaumu kipa, mimi nikakataa. Rudini juu msome nilichoandika tarehe 9 Novemba kwa mkono wangu, eneo limelala mashariki kwenda magharibi. Viwanja vingi vinalazwa kaskazini na kusini kwa sababu hiyo, ili jua la jioni lisikae machoni mwa kipa yeyote. Na majaribio tukayafanya asubuhi. Tulijaribu wavu, rangi, mpaka bibi wa vitumbua, hatukujaribu saa ya mechi.

Mshkaji mmoja wa Arsenal akatufariji kwamba hata wao mechi ya kwanza ya ligi Emirates, Agosti 2006, walitoka 1-1 na Aston Villa, na goli la kwanza la ligi pale akafunga mgeni, Mellberg. Angalau letu la kwanza tulifunga wenyewe.

20 Julai 2025

Hesabu kwanza. Jumla mpaka siku ya ufunguzi ni 2,231,000. Ndani ya hiyo, kifusi cha kurudisha mteremko 420,000, ukoka uliokufa 90,000, chokaa 54,000, kiraka cha goli 15,000 na manila 12,000, yaani 591,000 ni makosa yetu wenyewe, zaidi ya robo. Ukiiga huu mradi bila hayo unaweza kumaliza kwa milioni 1 na laki 6 na kitu, kama ufundi ni wa bure kama wetu.

Jua. Kugeuza uwanja haiwezekani, upana wa eneo ni mita 64 na urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa ni 90. Kwa hiyo: mechi za nyumbani tumeomba zianze saa 9 na nusu badala ya saa 10, kepteni kaelezwa kwamba akishinda shilingi aangalie juu kwanza kama yule mzee wa wageni, na kipa kanunuliwa kofia, 5,000 mnadani. Sheria ya nne inamruhusu kipa kuvaa kofia, mwenye wasiwasi akasome. Kwanza alikataa, anasema watamcheka kama tulivyomcheka yule.

Nyuma ya goli la magharibi tumepanda miashoki 24, hatua moja moja, ije ikinge jua, miche tumepewa bure na kina mama wa bustani kwa masharti kwamba tutamwagilia bila kukumbushwa. Itachukua miaka mpaka ifike juu ya mtambaa panya. Zamu ya watoto iliisha siku ya ufunguzi, na mbuzi wameshakula minne.